Bi Sasa na Kiti cha Enzi

Chuo kilikuwa na idara ya maigizo, na idara hiyo ilikuwa na chumba cha nyuma ambacho wanafunzi walikiita Jaani. Kila mwaka wa masomo ulipoanza, vijana themanini waliojiona nyota walifanyiwa usaili wa kuigiza. Kumi na wanne au kumi na watano walioshindwa kulia na kucheka kwa amri walipelekwa Jaani kusomea usimamizi wa jukwaa na mitambo yake. Walikwenda vichwa chini, kama bidhaa iliyorudishwa dukani.

Mwalimu wa Jaani alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na nane, mwenye miwani iliyofungwa kamba ya kiatu. Aliwapokea mlangoni, akawatazama mmoja mmoja kuanzia viatuni.

"Mmeambiwa hamfai kuonekana," alisema. "Hongereni. Sasa tutaona kama mnafaa kwa kazi."

Walimwita Bi Sasa. Kabla ya kuja chuoni alikaa miaka ishirini na sita nyuma ya pazia la ukumbi mkubwa wa mjini, juu ya kiti kirefu upande wa kushoto, daftari la ishara likiwa mbele yake na kipaza sauti kidogo mdomoni. Watazamaji hudhani jua la jukwaani huchomoza lenyewe. Halichomozi. Kuna mtu gizani anayesema, "Jiandaeni, taa ya kumi na mbili," anavuta pumzi, kisha anasema, "Sasa." Kwa miaka ishirini na sita hakuna jua lililochomoza wala mvua iliyonyesha katika ukumbi ule pasipo neno lake. Dada yake mkubwa, mshonaji aliyekuwa akiishi naye, alisema mdogo wake hata chai haimezi mpaka aiambie sasa.

Mtu akishika kazi kama hiyo muda mrefu, moyo wake hukauka kwa namna fulani. Bi Sasa aliwadharau waigizaji, kwa kuwa ni watu wazima wanaohitaji kuonyeshwa mlango wa kuingilia. Aliwadharau waongozaji, watu wanaoota kwa sauti halafu wakasubiri wengine wapigilie misumari. Watazamaji nao walimkera kwa kukohoa. Wanafunzi wake aliwadharau kwa zamu, ili pasiwe na upendeleo.

Mwezi wa kwanza aliwapa ufagio, na wa pili akawapa utepe wa kubandika alama sakafuni. Mwezi wa tatu mmoja wao, kijana mwepesi wa mikono waliyemwita Umeme, aliuliza kwa niaba ya wenzake, "Mwalimu, mitambo tutaigusa lini?"

"Siku utakapofagia jukwaa nikatembea peku bila kupata msumari."

Kwa siri Umeme alikuwa kipenzi chake. Alimsikiliza mtu huku mikono yake imeshaanza kazi. Taa ikizimika, alikuwa juu ya ngazi kabla wengine hawajajua kuna giza. Bi Sasa hakumsifu hata mara moja, ila alimkaripia kwa upole zaidi, na darasa zima lilijua maana yake.

Aliyemchosha roho alikuwa mwanamke mmoja wa miaka thelathini na moja, aliyefanya kazi miaka tisa mapokezi ya zahanati, akiita majina ya wagonjwa. Alikuja chuoni kutafuta uigizaji, akaambiwa sauti yake ingewalaza watu. Huyu aliandika kila kitu, wakamwita Karani.

"Unaandika nini?" Bi Sasa alimuuliza siku moja.

"Uliyoyasema, mwalimu."

"Nimekohoa tu."

"Ndiyo. Nimeandika kwamba umekohoa."

Darasa likaangua kicheko. Karani hakucheka wala hakukasirika. Alifungua ukurasa mwingine. Jioni ile Bi Sasa alimwambia dada yake, "Nina mwanafunzi mmoja, ukumbi ukishika moto ataandika barua kwanza."

"Na atamwandikia nani?" dada akauliza, uzi mdomoni.

"Moto wenyewe. Kuuomba usubiri."

Mwaka wa pili wa darasa lile, mkuu wa idara alipata wazo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kengele, na wanafunzi walimwita Mtukufu, jina alilolisikia akadhani ni heshima. Alikuwa ameandika mchezo wa saa tatu na nusu kuhusu mfalme anayeshuka kutoka mbinguni kuja kuwafundisha watu wake adabu. Aliuandika mwenyewe, akauongoza mwenyewe, na baada ya usaili mrefu uliohudhuriwa na yeye mwenyewe, akajichagua kuwa mfalme. Wageni wangealikwa kutoka wizarani. Kilele cha mchezo kilikuwa pale mfalme anaposhuka kutoka darini, amekaa kwenye kiti cha enzi, kati ya moshi na ngoma.

Bi Sasa alikitazama kiti kilipoletwa kutoka kwa seremala. Kilikuwa cha mbao ngumu, kimechongwa simba pande zote mbili, na watu wanne walikibeba wakihema. Kisha akainua macho hadi kwenye bomba la chuma juu ya jukwaa, ambalo kwa miaka kumi na tano halikuwahi kubeba kitu zaidi ya mapazia na taa sita. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mtukufu na karatasi yenye hesabu ya uzito.

"Mkuu, lile bomba lilifungwa kwa ajili ya vitambaa."

Mtukufu hakuitazama karatasi. "Bibi, shida yako ni moja. Huna ndoto."

"Ninazo. Jana nimeota umeanguka."

"Unaona? Wewe ni mtu wa kamba. Mimi ni mtu wa fikra."

"Fikra ikikatika haivunji mtu kiuno, mkuu. Kamba ikikatika huvunja."

Kesho yake ilibandikwa barua ubaoni: Bi Sasa amepumzishwa katika onyesho hili ili wanafunzi wapate kujitegemea, na ufanisi wao utahesabiwa kama mtihani wa vitendo. Umeme aliteuliwa mkuu wa mitambo. Mtukufu alimvisha kilemba cha ukoka mbele ya watu, akamwita injinia, na kijana akavimba kichwa siku ileile. Alileta winchi iliyokuwa ikivuta magari gereji, akaifunga, akapakia gunia la mchanga la kilo hamsini juu ya kiti cha enzi, akakishusha. Kilishuka taratibu kama bibi harusi. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza kama Mtukufu alikuwa na kilo hamsini, ingawa jibu lilikuwa limesimama palepale, likipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Daftari la ishara akapewa Karani. Mtukufu alikuwa akibadilisha mchezo wake kila siku, na ni daftari la mwanamke yule tu lililokuwa na mabadiliko yote.

Bi Sasa aliingia Jaani mara ya mwisho kabla ya kuwaachia kazi. Umeme alitazama dirishani.

"Mnajua ninyi mnanichosha," akawaambia. "Kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Mwenye daftari ndiye mwenye neno. Si mkuu, si mfalme, si mgeni rasmi. Asiposema sasa, hakuna kinachotokea. Mengine yote niliyowafundisha mnaweza kuyasahau, na nawajua, mtayasahau."

Karani aliandika.

Siku ya onyesho, saa nane mchana, Bi Sasa alikuwa ameapa hatakanyaga pale. Dada yake akamtupia kanga na viatu. "Utakaa nyumbani unitolee macho mimi na cherehani yangu? Inuka." Wakaketi safu ya pili kutoka nyuma. Mbele kulikuwa na wazazi wa wanafunzi, walimu, na mgeni rasmi, bwana mmoja wa wizarani ambaye kufikia saa tisa alikuwa ameshakunja na kukunjua ratiba yake mpaka ikawa kitambaa.

Mchezo ulikuwa mbaya kama Bi Sasa alivyotarajia, na hilo lilimpa faraja kidogo. Lakini hakuweza kuusikiliza. Alisikiliza taa. Zilikuja mahali pake. Mlio wa radi ulikuja mahali pake. Akajikuta anakunja uso, kama mtu aliyekuja na kesi akakuta hakuna mashtaka.

"Wanafanya vizuri," dada alinong'ona.

"Subiri."

Ngoma zikalia. Moshi ukajaa jukwaani, watu wa mfalme wakapiga magoti na kuinua mikono, na ukumbi wote ukatazama juu, ambako nyayo mbili nene zenye viatu vya dhahabu zilionekana chini ya kitambaa cha mawingu. Hapo Bi Sasa akausikia. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama wa mlango wa kabati. Watu mia tatu hawakuusikia. Yeye aliusikia mpaka kwenye meno, akamkamata dada yake mkono.

Ngoma zikafika pale zinapotakiwa kukatika. Zikakatika. Kiti hakikushuka.

Wapiga ngoma wakatazamana, wakaanza tena. Waliopiga magoti walibaki wameinua mikono. Bi Sasa akaanza kuhesabu bila kujua. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Alikuwa ameshasimama, anataka kupiga kelele, alipoona pazia linafungwa, lote, bila kukwama, na taa za ukumbi zinawaka.

Karani akatoka mbele ya pazia, amevaa nguo nyeusi, penseli sikioni.

"Mabibi na mabwana, tunasimama kidogo," alisema, kwa sauti ileile iliyoambiwa ingewalaza watu. "Hakuna hatari kwenu mkikaa. Walio safu tatu za mbele, naomba msogee nyuma. Tuanze na safu ya kwanza. Ahsanteni. Safu ya pili."

Watu wakaondoka kwa mpangilio, wametulia kama wagonjwa walioitwa majina yao. Hata mgeni rasmi alibeba mkoba wake akasogea. Na pengine jambo lingeishia hapo kwa heshima, kama Mtukufu asingekuwa na kipaza sauti kifuani. Mtu wa sauti alikuwa ameacha mitambo yake akakimbia kushika ngazi, kwa hiyo kila neno la mfalme lilitoka kwenye spika nne za ukumbi.

"Nani kafunga pazia? Nani huyu mjinga? Nitamfukuza chuo! Umeme! Nishushe! Nimesema nishu—"

Kikasikika kile kilio cha bomba, safari hii kimekuzwa mara mia.

"Msinishushe! Msinishushe! Inalia! Leteni ngazi! Mama yangu wee, leteni ngazi!"

Mgeni rasmi alizika uso kwenye ratiba yake. Mabega yalimtikisika. Dada yake Bi Sasa hakuwa na ratiba, akacheka waziwazi mpaka machozi.

Bi Sasa alipita mlango wa pembeni akafika nyuma ya pazia. Mtukufu alikuwa kwenye ngazi, taji limeangukia sikio, joho limekunjwa kiunoni, anatafuta kipandio cha chini kwa ncha ya kiatu. Karani alisimama chini akimshusha kwa maneno. "Mguu wa kulia, mkuu. Sasa wa kushoto. Vizuri. Sasa wa kulia." Umeme alikuwa ameketi juu ya sanduku la nyaya, uso umempauka.

Bi Sasa alitaka kusema jambo. Alikuwa na maneno ya kuwatosha wote. Lakini Karani alimtazama mara moja, akasema, "Mwalimu, tafadhali pita upande ule, hapa chini ya kiti pasipitwe," na Bi Sasa, mbele ya watu, akapita upande ule.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Dada alikuwa bado anacheka vipande vipande, akiiga sauti ya mfalme. Alipochoka, akauliza, "Na wewe? Ungesimamisha?"

"Unaniuliza mimi?"

"Ndiyo, nakuuliza wewe. Nilikuwepo mwaka ule."

Bi Sasa akazidisha mwendo. Mwaka ule, katika ukumbi mkubwa, alikuwa amesikia ubao wa ngazi ya jukwaani ukitoa mlio, na mwongozaji alikuwa amemkazia macho, na yeye akasema sasa. Mwigizaji alivunjika kifundo cha mguu. Tangu aanze kufundisha, Bi Sasa alikuwa akiwasimulia wanafunzi kisa kile kama mfano wa mwigizaji asiyeangalia anapokanyaga. Darasa la Karani nalo lilikuwa limesimuliwa, na bila shaka limeandikwa. Alitembea akiitazama barabara, na dharau aliyozoea kuwagawia wengine akaionja mwenyewe. Haikuwa na ladha nzuri.

Siku ya nne chuo kiliita kikao, saa nne asubuhi. Mbele alikaa msajili, mama mmoja mkavu aliyekuwa amesikia kila kisingizio duniani. Shtaka lilikuwa kwamba Karani alivuruga onyesho bila idhini na kukiaibisha chuo mbele ya mgeni rasmi. Bi Sasa aliitwa kama mwalimu wa mhusika.

Umeme aliulizwa kwanza. Alisema kiti kilikuwa salama kwa asilimia kubwa.

"Asilimia kubwa ya kiuno cha nani?" akauliza Bi Sasa.

"Utapewa nafasi, mwalimu," alisema msajili. "Mkuu, watu wote wamekusikia ukisema inalia."

Mtukufu akajiweka sawa kitini. "Nilikuwa bado ndani ya mhusika. Mfalme ndiye aliyeogopa. Mimi sikuogopa."

"Na ile mama yangu wee?"

"Ya mfalme pia."

Msajili aliandika bila kuinua kichwa, akamgeukia Karani. Karani akafungua daftari.

"Saa tisa na dakika arobaini na moja," alisoma. "Bomba limelia mkuu alipokaa. Limelia tena alipopunga mkono. Nimemuuliza fundi wa mitambo, amesema tuendelee. Sijasema sasa. Saa tisa na dakika arobaini na mbili, pazia." Akalifunga. "Basi."

"Hukuogopa kukosea?"

"Niliogopa, mama. Lakini nikikosea kwa kusimama, watu wananuna. Nikikosea kwa kuendelea, sijui ningeandika nini."

Ndipo Bi Sasa akasimama. Alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa mbili, akaiacha mezani. "Mama msajili, kwa nini tubishane? Kiti bado kiko juu, hakuna aliyekigusa. Mkuu anasema ni salama, mimi namwamini. Twende ukumbini sasa hivi, apande, ashuke mara moja tu. Akifika chini salama, nitaomba radhi mimi na mwanafunzi wangu, kwa magoti kama wafanyavyo watu wa mfalme kwenye mchezo wake."

"Ni wazo zuri," alisema msajili. "Mkuu?"

Mtukufu akatazama saa. "Nina kikao."

"Ndicho hiki."

"Leo sijavaa joho."

"Joho halipimi uzito."

Mtukufu aligusa mgongo wake polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba anao. "Nimekuwa na maumivu kidogo," alisema. "Daktari hataki nikae sehemu za juu."

Msajili akafunga jalada.

Karani hakufukuzwa. Lakini chuo hakipendi mtu atoke kikaoni mikono mitupu, kwa hiyo alipewa barua ya onyo kwa kuhutubia wageni bila idhini ya ofisi. Aliisoma, akaitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili lake mahali pake. Fundi wa chuma alipokuja kukishusha kiti, aligundua kwamba bolti moja ya bomba ilikuwa imekwisha meno. Aliizungusha kwa vidole viwili ikatoka. "Hii ilikuwa imeshikwa na kutu tu," akasema. "Nani alikuwa akae hapa?" Bi Sasa akamwambia. Fundi akapiga mluzi mrefu.

Maonyesho yaliyobaki mfalme aliingia kwa miguu kutoka upande wa kushoto, mchezo ukapungua dakika arobaini, na watazamaji wakashukuru bila kujua wamshukuru nani. Mwaka uliofuata Mtukufu alipandishwa cheo, kwa sababu vyuo ndivyo vilivyo. Umeme alikuja Jaani kuomba msamaha, akatoa machozi mazuri sana. Bi Sasa alimwambia angefaulu usaili wa uigizaji siku hizi, akampa ufagio kwa muhula mzima. Akafagia.

Siku ya mwisho wa masomo Bi Sasa alimkuta Karani akirudisha vifaa na kuvitia alama kwenye orodha.

"Siku ile ulichelewa sekunde nne," Bi Sasa alimwambia.

"Tatu, mwalimu. Nilizihesabu."

"Mimi nilihesabu nne."

"Wewe ulikuwa umekaa mbali. Sauti huchelewa kufika."

Bi Sasa akaketi juu ya sanduku la nyaya. Kisha akamweleza kisa cha ngazi na kile kifundo cha mguu, safari hii kama kilivyotokea. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Hakuandika hata neno moja.

Karani alipata kazi katika ukumbi wa mji jirani, na baada ya mwaka alimtumia mwalimu wake tiketi. Bi Sasa alikwenda na dada yake, akaketi katikati kabisa ya ukumbi, mahali ambapo hajawahi kukaa maisha yake yote. Mwanzoni alisubiri kosa. Taa ya kwanza ilikuja mahali pake, na ya pili, na ya tatu. Ilipofika ya nane akasahau kuhesabu, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake akatazama watu wa jukwaani wanasema nini.

Pazia lilipofungwa, dada akamuuliza aliuonaje mchezo.

"Upuuzi mtupu," alisema Bi Sasa, akitafuta kitambaa cha kufutia miwani. "Yule mume angemwambia mkewe ukweli tangu mwanzo, tungekuwa tumeshafika nyumbani."

"Na mbona unalia?"

"Nani analia? Moshi wao ni mwingi mno. Twende tukamwambie apunguze."